Ukiitwa "mzee" kwenye usaili wa kuandika programu

Nina miaka 48, na kazi ya kuandika programu niliianza hapa Unguja mwaka 2001. Mwaka jana mkataba wangu ulipomalizika, niliomba kazi katika kampuni moja kule Fumba. Vijana watatu walionisaili walikuwa na adabu zote: "Shikamoo mzee, karibu mzee." Kwetu neno hilo ni heshima. Lakini mmoja akaniuliza kama nitaiweza kasi ya vijana, nikajua kuwa umri wangu umetazamwa kabla ya kazi zangu.

Kisha nikapewa mtihani wa dakika 60. Swali la kwanza: una orodha ya namba, tafuta mbili ambazo jumla yake ni namba uliyotajiwa. Nikalinganisha kila namba na kila nyengine. Jibu lilikuwa sahihi, lakini orodha ikiwa na namba 10,000, hizo ni karibu jozi milioni 50, na programu yangu ikazidi muda. Njia ya haraka ni kuipita orodha mara moja tu: kila namba unaiweka kwenye jedwali la kutafutia, na kabla ya kuiweka unaangalia kama mwenzake, yule wa kuikamilisha jumla, ameshapita. Kazi nikaikosa.

Niliumia wiki nzima. Halafu nikaona kuwa jedwali lile ni ndugu wa faharasa ya kanzidata, kitu nilichokitengeneza miaka yote kwenye mifumo ya hoteli za Nungwi ili jina la mgeni lipatikane upesi. Nilikuwa nakijua, ila si kwa sura ya mtihani. Kwa hiyo wewe uliyepita miaka 40, usiisuse mitihani hii. Mimi nilifanya swali moja kila siku baada ya sala ya alfajiri, miezi mitatu, kwenye HackerRank, tovuti ya kufanyia mazoezi ya kuandika programu, saa ikiwa mbele yangu. Kila swali nilijiuliza: hili nimewahi kukutana nalo kazini wapi? Na ukishindwa usijidharau. Max Howell, aliyeanzisha Homebrew, programu ya kusakinishia programu nyengine kwenye kompyuta, alieleza mwaka 2015 kuwa Google ilimkataa baada ya swali la aina hii, ilhali wahandisi wao wengi walikuwa wakiitumia programu yake.

La pili, omba mtihani mwengine. Kampuni iliyofuata niliiandikia mapema: nipeni programu yenu yenye kasoro, nikae nayo saa mbili, kisha niwaeleze nilichokiona. Wakakubali. Ulikuwa mfumo wa malipo. Umeme ukikatika katikati, mteja anakatwa pesa na risiti haiandikwi. Umeme ulipopotea Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, tuliendesha seva kwa jenereta, nazo zikizimika ovyo. Hapo ndipo nilipojifunza kuzifunga hatua za malipo pamoja: ama zote zimeandikwa, ama hakuna hata moja. Niliwaonyesha mistari ya kubadilisha, na kitakachoharibika wakiikosea. Suala la kasi halikutajwa tena. Nyinyi mnaoajiri, nawaomba sana: mpeni kazi kama hiyo kila mwombaji, wa miaka 22 na wa miaka 50.

Wasifu nao uutazame. Niliwahi kufuta miaka ya kazi zangu za mwanzo; nikaulizwa kwenye simu, nikababaika. Sasa kazi za miaka 10 ya karibuni zinakaa juu kwa urefu, za zamani mistari miwili, na mwaka 2001 nimeurudisha.