Kutu ya Land Rover 109: achana na asidi ya betri, tafuta magadi

Mkuu, umeuliza usafishaje bawaba za milango na breketi za bampa zilizoliwa kutu, na naona watatu wamekujibu uziloweke kwenye asidi ya betri. Usithubutu. Asidi ikimaliza kutu inahamia chuma kizima, na ile iliyojificha kwenye maungio itakuharibia rangi mpya kwa chini.

Mimi nina Land Rover 109 toleo la Series III ya 1974 hapa Moshi, nimeifungua yote. Nilitumia magadi, haya haya ya makande, ya soko la Mbuyuni. Yaponde, yayeyushe, uyachuje kwa kitambaa maana yana mchanga. Kijiko cha chakula kwa kila lita 4 za maji kinatosha. Ndoo iwe ya plastiki. Chukua chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye bawaba, chanya kwenye kipande cha nondo, vyote viwili ndani ya maji ya magadi, na visigusane. Ukikosea waya, itakayoliwa ni bawaba. Usiweke stenlesi badala ya nondo, inatia sumu kwenye maji.

Ukiwasha utaona vipovu vinapanda. Hiyo ni haidrojeni, inashika moto, kwa hiyo fanyia nje, na zima ukutani kabla ya kugusa klipu. Mimi niliacha usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa kama chai ya rangi, kutu imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kufulia, na nyuzi za boliti zinahesabika moja moja. Upande unaotazamana na nondo ndio unaotakata, basi uwe unageuza.

Suuza, kausha, paka oili hapo hapo. Nilienda kula mchana, nikarudi nikakuta wekundu umeshaanza.

Sasa ujinga wangu. Breketi zilivyonipendeza, nikatumbukiza na kabureta. Ile Zenith si chuma, ni aloi, na magadi yanaila. Ilitoka nyeusi, ina vishimo hadi pale gasketi inapokaa. Nikanunua nyingine. Kabureta ni petroli, mswaki na upepo wa kompresa. Jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, usizichokonoe kwa waya, tundu litapanuka na gari litakunywa mafuta. Paneli za bodi nazo ni alumini, zisisogee kwenye ndoo. Springi pia weka kando, haidrojeni inazifanya zikatike kirahisi.

Chasisi ndiyo bado sijapata ndoo yake.