Udiwani? Kwanza tuulizane nani anamchagua diwani

Mmeuliza wiki hii kama msomaji angegombea udiwani kwenye kata yake, na kama hapana nini kinamzuia. Jibu langu fupi ni hapana, sigombei, na ndugu ninayempenda simshauri agombee. Ila swali lenyewe naona limeruka hatua, maana linachukulia kwamba ukitaka udiwani unaenda kwa wananchi. Huendi kwa wananchi, unaenda kwa wajumbe wa chama, wale wanaopiga kura ya kumpata mgombea. Hapa Iringa, na nadhani hata Songea, Singida, Musoma, miji yetu hii ambayo kila mtu anamjua mwenzie, diwani anapatikana kwenye kura za maoni za chama, ikifika Oktoba sisi wengine tunaenda kugonga muhuri.

Najua kuna atakayesema mbona 2015 hapa mjini upinzani ulibeba halmashauri mpaka meya akatoka kwao. Ni kweli, lakini na wao walipita kwanza kwenye chekeche la chama chao. Mgombea binafsi hatuna. Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa wa upinzani, Mungu amrehemu, alipigania hilo tangu miaka ya 90, Mahakama Kuu ikampa ushindi zaidi ya mara moja, 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, 2013 ikasema haki zimevunjwa, na mpaka leo hata uwe unapendwa mtaa mzima bila kadi ya chama na chama kukuteua jina lako haliingii kwenye karatasi. Mi hilo ndo linaniuma kuliko yote.

Na siyasemi haya kwa kusimuliwa. Mama watoto aligombea 2020. Chama sikitaji wala kata siitaji, tunaishi na hawa watu.

Yeye ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kilichopata mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Wakarejesha mpaka shilingi ya mwisho. Sasa kwenye kufuatilia makaratasi akaanza kuuliza kwa nini vikundi vingine vinaandika barua mwaka mzima havijibiwi, nani anasimamia hizi hela, akaambiwa nenda kamuulize diwani wako, akaenda, akarudi kimya, wiki mbili baadaye akaniambia baba, nachukua fomu.

Mwezi wa saba Iringa mnaujua ulivyo, baridi ya kuvaa masweta mawili, na kuwasalimia wajumbe ni usiku. Jioni moja tukaingia kwa bibi mmoja, mjumbe wa siku nyingi, mtu ambaye akisema kitu wenzie wanamfuata. Mama watoto alikuwa na daftari lake la kaunta, kila ukurasa ameandika jambo moja la kata, mtaro unaomwaga maji kwenye darasa la chekechea, njia ya zahanati isiyo na taa, vikundi vilivyonyimwa mkopo. Akaamkia, akakaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, akaanza kusoma. Bibi akamwambia rudia hapo pa mtaro. Akarudia. Bibi akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, maneno yako mazuri, sina ubaya nayo. Lakini mwenzio jana kaleta kilo mbili za sukari na kitenge. Wewe nikikupa kura kesho nitakunywa chai na nini?"

Mama watoto hakuinua hata sauti. Akasema, "Bibi yangu, hiyo sukari Ijumaa itakuwa imeisha, mtaro utakuwepo masika yote na mjukuu wako anasoma pale." Bibi akacheka mpaka akakohoa, akasema haya nendeni, nimesikia. Tulipotoka mpambe wetu mmoja akasema mama tuwe tunaacha hata elfu tano tano jamani, watu hawali daftari. Akakataa katakata, akasema nikiingia kwa hela nitatawaliwa na hela, tena hiyo ni rushwa na TAKUKURU, hao wa kuzuia rushwa, siyo mapambo.

Walioahidi kumpa kura walizidi thelathini. Siku yenyewe mi siyo mjumbe kwa hiyo nilisimama nje dirishani na wapambe wengine, karatasi zinasomwa moja moja, karani anachora vijiti kwenye manila ukutani, anavifunga vitano vitano. Kwa wenzie vilijaa mstari. Kwake vilikuwa vijiti tisa. Mwaka ule ndo nchi nzima ilikuwa inasema wajumbe sio watu, watu wanacheka mitandaoni, mi sikuona cha kuchekesha, maana namwona mke wangu ndani anapiga makofi kumpongeza aliyeshinda na mikono inamtetemeka.

Jumatatu yake asubuhi nani anagonga? Mjumbe mmoja wa wale walioahidi, kamleta mtoto apimwe sare. Mi damu ilinipanda nikatoka nje kabisa. Mama watoto akachukua futi yake akampima yule mtoto mabega, kiuno, urefu wa sketi, akaandika, akamwambia njoo Alhamisi. Nikamuuliza unawezaje, akasema mtoto hana kosa.

Sasa hapa ndo jibu langu linaanza kunisumbua. Yule aliyeshinda, haki yake nimpe, alikuja nyumbani baada ya kuapishwa akaliomba lile daftari. Mtaro wa chekechea akaupeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ukajengwa kwa mawe, upo. Na kwenye mikutano ya mtaa mama watoto akisimama kuuliza mapato na matumizi watu wanatulia, mtendaji naye anakuja na makaratasi yake tayari, kabla ya kugombea nani angemsikiliza fundi cherehani? Yaani kura zile tisa zimefanya kazi ambayo sikuitegemea, na siwezi kusema alipoteza bure.

Mambo ya uchaguzi wa 2025 sitayagusa, vidonda bado vibichi. Yeye hakuchukua fomu. Wakamshauri aombe viti maalum vya wanawake, akasema anataka kata.

Kwa hiyo kwangu mimi iandikeni hapana, sina ngozi hiyo. Lakini kama kuna dada au kaka anasoma hapa ana daftari lake, aende, hata kama atapigwa. Ila ajue diwani hana mamlaka ya kuajiri wala kufukuza, mkurugenzi anateuliwa na Rais, baraza kamili la kawaida ni kila miezi mitatu, na ile posho ya laki tatu na nusu waliyokuwa wanapata inaishia kwenye misiba na harusi za kata. Na mwenzi wake awe amekubali kwa moyo, siyo ameburuzwa.

2030 mama watoto akisema anarudi nitamsindikiza tena kwa miguu usiku ule wa baridi, nimeshamwambia. Masharti yangu mawili, kiwanja chetu cha Igumbilo hakiuzwi, na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, hauingii humu ndani.