Dodoma kwenda Nairobi: saa moja ya angani isikudanganye

Kila nikisema nina dada Nairobi lazima mtu aniulize, kwani kutoka Dom mpaka kule ndege masaa mangapi? Ukiangalia ramani ni karibu kweli, kilomita kama 550 kwa mstari ulionyooka. Ila hapa Dodoma ndege tunazopanda ni za ndani, so unaanza kwa kushuka Dar, kama kilomita 390 kuelekea mashariki, afu ndo unapanda juu Nairobi zingine 660 na kitu. Yani umbali unakuwa karibu mara mbili kabla hujafanya chochote.

Dar Nairobi angani ni saa moja na robo hivi, na hiyo ndo namba watu wanayoishika kichwani. Sasa ongeza treni ya SGR toka Dom mpaka Dar, masaa matatu na nusu mpaka manne, toka stesheni mpaka uwanja wa ndege kwenye foleni ya Nyerere Road (ukishavuka Tazara ndo unapumua), afu masaa matatu ya kuwahi check-in. Ukienda Dar kwa ndege nayo, angalia vizuri unatua jengo gani, maana za kimataifa zinaondokea Terminal 3 na hilo ni jengo la peke yake, usipange dakika arobaini kati ya ndege na ndege, tafadhali.

Ila kilichonifanya niandike ni mama. Dada alijifungua, nikamkatia mama tiketi, nikamtumia picha WhatsApp. Tiketi imeandikwa 05:10. Mama akasoma saa tano na dakika kumi, na mtu yeyote anayesoma saa kwa Kiswahili angesoma hivyohivyo. Alilala kwa ndugu Gongo la Mboto, pale pale karibu na uwanja, saa mbili asubuhi akanipigia yuko getini na mfuko wake wa mlenda mkavu na karanga, anaambiwa ndege imeshaondoka toka alfajiri. Aliniuliza tu, "Mwanangu, sasa nirudi?" Iliniuma mpaka leo, kwasababu kosa lilikuwa langu, nilituma picha bila kumpigia.

Kwahiyo jamani ukimkatia mzazi tiketi usiishie kuforward. 05:10 ni saa 11 na dakika 10 alfajiri, na kuwahi kwake kunaanza saa 8 ya usiku uleule wa kuamkia hiyo tarehe. Safari iliyofuata nilimwandikia kwenye karatasi kwa mkono, "Mama toka nyumbani saa 7 na nusu usiku, Jumatano kuamkia Alhamisi", akaikunja akaiweka ndani ya pasipoti. Alifika, mjukuu akabebwa.

Nairobi saa zao ni sawa na zetu so hapo hamna shida. Ukienda Kigali wao wako nyuma saa moja, na muda wa kufika ulioandikwa kwenye tiketi ni wa kwao, usije ukamwambia anayekupokea muda wa huku.

Na kama huna haraka, basi la Kondoa Babati mpaka Arusha, unalala, asubuhi unachukua shuttle ya Namanga. Mimi nikiwa na mizigo mingi naendaga hivyo, mchana unaingia Nairobi na hakuna anayekupimia begi.