Kompyuta inayojizima yenyewe: kabla hujanunua pawasaplai, angalia kitufe

Masika yaliyopita kompyuta ya dukani kwangu ilinisumbua miezi miwili kwa ajili ya kitu kisichozidi punje ya hindi. Naandika haya kwa kuwa wenye maduka ya steshenari Wete, Chake na Mkoani wengi tunatumia mashine za aina moja, mtumba za mezani, na tunapakana na bahari ile ile.

Duka langu haliko mbali na bandari ya Wete. Kazi ni kuchapa barua, kutoa kopi na kuskani vyeti vya watoto wa skuli. Nafungua saa moja na nusu asubuhi, na saa hizo mara nyingi mtu ameshakaa barazani na karatasi zake. Nawasha, nafika katikati ya barua, mashine inazima. Nawasha tena, inadumu dakika kumi, inazima. Ikifika saa sita mchana imetulia, inafanya kazi mpaka magharibi kama haijawahi kuumwa.

Wa mwanzo kulaumiwa alikuwa umeme. Hili ni jambo la kawaida kwetu. Watu wazima wa Pemba wanakumbuka miaka ya majenereta, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, na mazoea ya kuulaumu umeme hayajatutoka. Nikachomeka taa ya meza kwenye soketi ile ile ya kompyuta. Mashine ikazima, taa haikupepesa hata kidogo. Nikaazima UPS ya jirani, ile betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, mambo yakawa yale yale. Kwa hiyo si umeme wa ukutani.

Fundi wa kwanza akasema pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine umeme, imechoka. Nikanunua nyingine kwa shilingi 60,000. Siku mbili kulikuwa na jua, mashine ikatulia, nikamshukuru Mungu na fundi. Siku ya tatu mvua ikanyesha alfajiri na ugonjwa ukarudi. Fundi wa pili akatoa ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, akasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akarudisha. Kazi ile ni nzuri na huku pwani inafaa kufanywa mara kwa mara, maana meno ya ramu hushika uchafu yakapoteza mguso. Lakini haikuwa dawa ya ugonjwa wangu. Akanishauri ninunue ramu mpya, nikanunua. Sh 45,000 nyingine.

Mafundi hawa siwalaumu. Nilichowaambia wote wawili ni kwamba "inazima," basi. Kwa maneno hayo hata mimi ningesema pawasaplai.

Aliyeligeuza jambo ni mtoto wa dada yangu, aliyekuja likizo kutoka Unguja. Aliniuliza, "Khalati, inazima vipi?" Nikamwambia inazima asubuhi. Akasema, "Hiyo ni lini. Mimi nauliza vipi."

Tukachukua daftari la madeni, tukageuza ukurasa wa nyuma, tukawa tunaandika kila inapozima. Baada ya siku nne tulikuwa na namna mbili zisizofanana. Mara nyingine inakata ghafla, skrini nyeusi. Mara nyingine Windows yenyewe inaandika kwamba inafunga, inafunga programu moja moja kwa utaratibu, kisha inazima. Nikakumbuka na la tatu, ambalo nilikuwa nimelipuuza: mlinzi wa duka jirani aliwahi kuniambia kaona mwanga wa skrini ndani kwangu usiku wa manane, na mimi nina hakika nilizima kabla ya kufunga mlango.

Hapo ndipo pa kutulia. Pawasaplai inayokufa haimpi mtu nafasi ya kufunga programu zake. Ramu mbovu itagandisha mashine, itatoa skrini ya bluu, itakataa kuwaka, lakini haiwezi kuiambia Windows ifunge kwa adabu. Kufunga kwa adabu ni amri, na amri lazima iwe na mtoaji.

Kitufe cha kuwashia kompyuta si kama swichi ya taa. Hakikati umeme. Kazi yake ni kugusanisha waya mbili nyembamba, na madabodi, ile bodi kuu ya ndani, ndiyo inayousoma mguso huo na kuamua. Hata mashine ikiwa imezimwa, maadamu waya uko ukutani, pawasaplai inaendelea kupeleka volti 5 za kusubiri ili madabodi isikie kitufe. Ukigusa kidogo mashine ikiwa imezimwa, inawaka. Ukigusa kidogo ikiwa kazini, Windows inafunga. Ukishikilia kama sekunde nne, madabodi inakata bila kuuliza mtu. Hayo matatu ndiyo yaliyokuwa yakitokea dukani kwangu. Kulikuwa na "kidole" kinabonyeza kitufe changu, asubuhi na usiku.

Kushuku peke yake hakutoshi, nilishashuku vitu viwili na kuvilipia. Kwa hiyo safari hii tulipima kabla ya kununua.

Kwanza tuliingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, tukaweka kwamba kitufe kikibonyezwa kisifanye chochote. Kuzima kwa adabu kukakoma siku ile ile. Kule kwa ghafla kukaendelea, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu zile sekunde nne ni mambo ya madabodi na Windows haina kauli hapo.

Kisha tukafungua Event Viewer, programu inayokuja na Windows yenyewe, ambamo mashine huandika matukio yake. Kompyuta ikizimika bila kufungwa vizuri, ikiwaka tena huandika tukio namba 41 la Kernel-Power. Wengi wakiliona wanasema "pawasaplai" na kuishia hapo, lakini namba 41 yenyewe inasema tu kwamba mashine haikufungwa vizuri. Shuka kwenye maelezo yake utafute mstari wa PowerButtonTimestamp. Ukiwa sifuri, kitufe hakikuhusika. Wangu ulikuwa na tarakimu ndefu: mashine ilikuwa imesoma kitufe kimeshikiliwa, na hakuna aliyekigusa.

Jaribio la mwisho ndilo lililonipa imani. Tulichomoa waya ukutani, tukagusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini, tukapiga picha ya waya zote kwa simu, kisha tukachomoa kile kiplagi kidogo cha kitufe kwenye madabodi. Tukarudisha umeme, na kuiwasha tukagusanisha zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi mara moja. Volti zake ni chache, hazidhuru, ila hakikisha ni pini za kitufe na si nyingine. (Pawasaplai ni habari tofauti kabisa. Usiifungue kasha lake hata kama imechomolewa, ndani kuna umeme unaobaki.) Siku tano za mvua mashine haikuzima hata mara moja. Siku ya sita nikarudisha kiplagi makusudi. Kesho yake saa mbili asubuhi ikazima. Watu wengi wanaruka hatua hii ya kurudisha. Pawasaplai yangu mpya nayo "ilipona" siku mbili za jua, na kama ningeishia kwenye kupona ningedanganyika tena.

Tulipoitoa ile swichi ndogo na kuipima kwa mita asubuhi, bila kuibonyeza, ilisoma kilo-omu 4 hivi. Swichi nzima isiyobonyezwa haitakiwi kupitisha kitu. Baada ya kuiweka mbele ya feni, namba ikawa inapanda, yaani umeme unaopenya unapungua. Tukaipasua: kutu ya kijani kwenye shaba.

Sababu yake kila mwenye jiko huku anaijua. Chumvi ya kopo masika hulowa yenyewe. Hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, chumvi hunyonya maji mpaka inayeyuka, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Upepo wa bahari unaingiza chumvi hiyo kidogo kidogo ndani ya kasha miaka na miaka. Alfajiri ya masika inalowa, mchana joto na feni vinaikausha, ndiyo maana ya saa sita.

Dawa yake haikunigharimu kitu. Nilichukua swichi kutoka kasha bovu lililokuwa stoo, nikaipima kwanza, tukaiunga kwa risasi. Kama mashine yako ina kitufe cha riseti kinachofanya kazi, hamishia waya zake kwenye pini za kuwashia na utumie hicho. Jioni sasa nazima na soketi ya ukutani, kisha nafunika kasha kwa kitambaa mashine ikiwa imeshapoa.

Mwezi uliopita mwenzangu wa Chake alinipigia, mashine yake inazima. Nilimuuliza inazima vipi, akasema ghafla tu, asubuhi na mchana, zaidi akichapa kurasa nyingi. Nikamwelekeza mpaka kwenye ule mstari wa tukio namba 41. Wake ulikuwa sifuri. Nikamwambia kitufe akiache, achomeke taa kwenye soketi ile ile, aanze na umeme.