Bima yako inaisha Mei, mama, si Septemba

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili kabla sijaingia kazini. Unauliza mbona mwenzako wa chumbani atakaa kwenye bima ya mamake mpaka atimize miaka 26, na wewe mtoto wa mwanajeshi unaambiwa yako inafika mwisho. Halafu ukamalizia kwamba hakuna haraka, una muda hadi Septemba utakapotimiza 23. La, mama, huna.

TRICARE, bima ya afya ya jeshi la Marekani, humbeba mtoto wa askari hadi miaka 21. Wewe uliongezewa kwa sababu unasoma masomo kamili chuoni na mimi ndiye ninayebeba zaidi ya nusu ya matumizi yako; ndiyo maana nilikusumbua sana na ile barua ya msajili. Lakini nyongeza hiyo hukatika siku ya kutimiza 23 au siku ya kuhitimu, yoyote itakayotangulia. Wewe unahitimu Mei.

Mwenzako analindwa na sheria ya afya ya mwaka 2010, ile ya Rais Obama. Hiyo ndiyo iliyozilazimu bima za kiraia kuwaacha watoto kwa wazazi hadi 26, hata wakiwa wameoa au kuolewa. Bima ya jeshi ina sheria zake, na sheria hiyo ya 2010 haikuigusa. Mwanzoni mwa 2011 pengo likazibwa kwa mpango uitwao TRICARE Young Adult, ila huo unanunuliwa, na serikali haikuchangii ada ya kila mwezi. Jambo hili linaniuma. Nimekosa siku zako nne za kuzaliwa nikiwa ng'ambo na sare hii mwilini, na naona watoto wetu walistahili angalau kile wanachopata wa jirani.

Kuna njia mbili ndani yake. Prime ilikuwa dola 727 kwa mwezi mwaka 2025: unapewa daktari wako mmoja, na yeye ndiye anayekuandikia rufaa ya kwenda kwingine. Select ilikuwa dola 337 mwaka huo, unajiendea mwenyewe kwa daktari anayekubali TRICARE, ila kila ukitibiwa unatoa kitu kidogo. Chukua Select. Nitailipa mimi mpaka upate kazi, na katika hilo sitaki ubishi. Meno hayamo, hayo tutayatafutia njia. Ukiolewa unatoka. Na ukiajiriwa mahali wanapokupa bima ya kazini, hustahili tena, hata kama ya kwao ni hafifu.

Umetaja HealthCare.gov, soko la bima la serikali mtandaoni. Bima yako ikikatika una siku 60 za kujiandikisha huko, lakini uko Houston, mama. Texas ilikataa kupanua Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwa hiyo kijana asiye na mtoto wala ulemavu haipati, na mwenye kipato kilicho chini ya mstari wa umaskini hapati hata ruzuku ya kununua bima. Zile saa zako chache za mgahawani hazikufikishi kwenye mstari huo. Ukirudi hapa Lakewood mambo ni tofauti: jimbo la Washington lina Apple Health, ndiyo Medicaid yake, kwa mtu mzima mwenye kipato kidogo, mradi mimi nisikuweke tena kwenye fomu yangu ya kodi kama mtegemezi wangu. Chumba chako kipo. Sikulazimishi.

Ninachokukataza ni kukaa bila kitu hata mwezi mmoja ukisubiri majibu ya kazi. Unamkumbuka kijana wa kanisani aliyepasuliwa kidole tumbo akiwa hana bima? Tulichanga, kikundi cha WhatsApp kikachanga, nyumbani Kisii wakauza ng'ombe, na bili bado inamfuata. Mchango ni wa msiba, mwanangu. Usiupangie matibabu.

Na wewe una pumu. Ulikuwa na miaka tisa usiku ule nilipokaa nawe kwenye sakafu ya bafu, maji ya moto yakitiririka ili upate mvuke, midomo yako imegeuka rangi, mama yako anatafuta funguo za gari. Tulitoka hospitalini alfajiri ukiwa umelala begani kwangu, na hakuna aliyetudai hata senti. Nimeishi na starehe hiyo miaka yote bila kuitafakari.

Kwa hiyo wiki hii, kadi yako ingali hai, mwombe daktari akuandikie dawa za miezi mitatu ziletwe kwa posta. Fomu ya Young Adult nimeshaichapisha, ni DD 2947. Jumapili baada ya ibada nipigie tuijaze pamoja, usiwe na mtu mwingine chumbani.

Na leo kabla hujalala, geuza inhela yako. Nyuma kuna kidirisha chenye namba ya dozi zilizobaki. Nitumie hiyo namba.

Babako