Maji ya ziwa ni maangavu, mbona tunaambiwa tuyachemshe?

SWALI: Mhariri, mimi ni mchuuzi wa dagaa katika mwalo mmoja wa Ziwa Albert, wilayani Hoima, Uganda. Kila kipindupindu kinapozuka, wahudumu wa afya hutukataza kunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha, ilhali ni maangavu na wengi wanaoyanywa hawaugui. Tena mama mkwe wangu anashikilia kwamba anayeharisha asipewe maji kwa sababu yanamzidishia. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, uangavu wa maji hauthibitishi usalama wake, kwani bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, haonekani kwa macho. Huingia ziwani pamoja na kinyesi cha binadamu. Katika mialo mingi ya ziwa hilo ardhi ni mchanga au mawe, shimo la choo likawa linabomoka au halichimbiki kabisa, basi watu hujisaidia ufukweni, na mvua ikinyesha huzoa yote hadi pale pale mnapochotea.

Kwamba wengi hawaugui ni kweli, na ndilo jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Wengi wa walioambukizwa hawapati dalili yoyote, lakini kinyesi chao huendelea kutoa vimelea kwa siku 1 hadi 10, hivyo mvuvi mwenye nguvu zake, anayelala mwalo huu leo na ule kesho, anaweza kuueneza ugonjwa pasipo yeye wala wenyeji wake kujua. Yachemsheni maji mpaka yatokote, myahifadhi katika dumu lenye mdomo mwembamba na kuyamimina, maana kikombe kinachotumbukizwa kwa mkono mchafu huyachafua upya. Kuni ni ghali, nafahamu. Vidonge vya klorini vikitumiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti vinatosha.

Mama mkwe mheshimu, ila katika hili usimfuate. Mgonjwa wa kipindupindu huharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Kinachomuua, pengine ndani ya saa chache, ni kukaukiwa maji na chumvi mwilini. Kuharisha kutaendelea anywe asinywe. Tofauti ni kwamba anayekunywa hurudishiwa kile kinachomtoka. Mpeni maji ya ORS, yaani unga wa pakiti wa chumvi na sukari unaokorogwa katika maji salama, na yasipokuwepo, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji salama. Akitapika, subirini dakika 10, kisha mwendelee kumnywesha kidogo kidogo.

Msingoje apate nafuu ndipo mmpeleke kituo cha afya. Asiyeweza kunywa huhitaji dripu, na panapotolewa matibabu ya mapema hufariki chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Mkiwa njiani, hata kwenye mtumbwi, aendelee kunywa, na mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa.