Jibu: Kijana anakula kushinda wote lakini hanenepi

Dada, umeuliza kwa nini daktari wa kifua amekutuma kwa mtaalamu wa lishe wakati shida ya kijana ni kikohozi. Hajakuzungusha.

Kwenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi alio nao kijana, ute mzito huziba mirija ya kongosho, vimeng'enya vya kusaga chakula havifiki kwenye utumbo na mafuta yanapita bila kusagwa. Choo kikielea, kikang'aa kama supu ya mifupa iliyopoa, ujue chakula kimepotea. Mapafu nayo yanapigana na maambukizi, yanateketeza nguvu. Mwili ukikosa, unakula misuli, hata ya kupumulia. Kukohoa kunalegea, makohozi yanabaki ndani.

Zamani wagonjwa walinyimwa mafuta. Madaktari wa Toronto, Kanada, walikataa, wakawapa mafuta na vimeng'enya vingi. Ulinganisho wa 1988 ulionyesha umri wa kati wa kuishi huko ni miaka 30, Boston ya Marekani 21.

Kwa hiyo parachichi juu ya githeri, sukuma iliyokaangwa vizuri (jirani waache waseme unadekeza), maziwa yasiyoondolewa mafuta. Vidonge vya vimeng'enya ameze anapoanza kula, hata chapo maharagwe ya shuleni, asivitafune. Chumvi usimpunguzie, anaipoteza kwa jasho. Vitamini A, D, E na K umuulize daktari.